Sili ya Injini ya Boti

Leo muuza spea ameniwekea sili kiganjani, pete nyeusi ya mpira inayonuka dizeli, na mkono ukaanza kuniwasha.

Nilipokuwa mtoto, Baba alikuwa amenunua injini kuukuu ya boti isage mahindi pale Tongaren, mahali pasipo ziwa wala bahari. Ilivuja mafuta mpaka unga ukanuka, na akina mama wakahamia kinu cha jirani. Tukazunguka maduka ya spea Kitale, kesho yake Bungoma, tukitafuta sili mpya, mimi nikimfuata nyuma na sweta langu la shule.

“Ni ya gari gani?” kila mwenye duka aliuliza.

“Si gari. Ni boti.”

“Boti, huku kwetu? Basi leta ile ya zamani, mzee, tupime.”

“Si nimesema imepotea? Niseme mara ngapi?”

Duka la mwisho lilikuwa na joto, nikakunja mikono ya sweta. Mwenye duka akanitazama.

“Mzee, na hii aliyoivaa msichana wako kama bangili ni nini?”

Ilikuwa ile sili ya zamani; niliiokota siku fundi alipoing’oa kwenye injini. Siku mbili tulizunguka, na hakuna aliyeniuliza mimi.

Baba aliivuta, ikakataa kutoka. Akafumba macho kidogo, kisha akaomba sabuni.