Meza Niliyoisahau Koboko

Kosa la wengi kwenye sherehe za utamaduni ni kugawa meza kwa makabila, kisha kudhani kila mtu amepata pa kukaa.

Leo nimetumiwa mpango wa namna hiyo. Nikacheka, maana kosa hilo nililifanya mwenyewe mwaka 1974, nikiwa mwalimu Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda.

Kwenye sherehe ya shule niliweka meza ya Wakakwa, ya Walugbara, ya Waalur na ya Wamadi.

Vyakula vyote vilifunikwa kwa makawa ya rangi. Niliyaazima kwa jirani yangu Mnubi, Mama Zainabu, aliyeyasuka kwa mkono wake.

Akaja na binti yake, wamependeza.

"Mwalimu, meza ya sisi iko wapi?"

"Mama, asili yenu ni Sudani," nikamweleza. (Napenda kueleza, mnanijua.)

"Baba yangu alizaliwa hapa. Mimi hapa. Huyu mtoto pia hapa."

Nikageuka kupanga sahani.

"Sawa. Kama sisi iko wageni, vitu ya wageni inarudi nyumbani."

Akaanza kukusanya makawa, meza moja baada ya nyingine. Nzi wakashukia samaki.

Mama mmoja wa Kilugbara akapiga kelele: "Mwalimu, wewe! Mupe Mama meza, chakula inaharibika!"

Nikakimbia darasani, nikabeba meza yangu ya kufundishia. Mama Zainabu hakurudisha hata kawa moja mpaka nilipoandika "Wanubi" kwa chaki.

Unayeandaa sherehe, leo andika majina ya wote ulioazima vitu kwao, uwawekee meza.