Baka la Matakoni

Juzi, kwenye foleni ya kliniki hapa Lushoto, bibi mmoja alimfunua mjukuu wake mbele yetu sote. Matakoni palikuwa na baka la buluu.

"Ndugu nesi, mkwe wangu, mama yake huyu, alikuwa anamfinya mtoto. Tumemrudisha kwao Mgwashi."

Nesi alilipapasa baka. "Shikamoo bibi. Hakufinywa. Kazaliwa nalo, kama watoto wetu wengi. Akianza kukimbia litafifia, akienda shule hulioni tena."

Bibi alimfunika mtoto polepole. "Baba yake ameshaoa mwingine."

Mtoto alikuwa akinyonya pindo la kanga ya bibi.

Siku hizi tunaitana ndugu hadi kliniki, ila mama wa mtoto karudishwa kwao. Baka litafifia mtoto akianza kukimbia, sawa. Sijui atamkimbilia nani.