Ijumaa ya Halua

Nilipokuwa mtoto, tumbo langu lilikuwa na akili zake, na mara nyingi ndilo lililoniongoza. Sasa ni mama mtu mzima, nimezunguka miji mingi, na bado halijastaafu.

Tulikaa Temeke, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa mwalimu, Mkristo wa kutoka bara. Jirani yetu Mzee Nasoro, Mwarabu mwenye duka, alikuwa anaozesha binti yake, na kikapu cha halua ya harusi kikaachwa ukumbini kwake, nilikokuwa nikicheza. Mie nacho, wawili peke yetu. Nitasema tu kwamba kikapu chenyewe nilikirudisha.

Jumatano Mzee Nasoro alisimama barazani akatangaza, "Aliyekula anajijua! Ijumaa baada ya sala nasomesha halbadiri."

"Ndiyo nini hiyo?" nilimwuliza mjukuu wake, Mwanahawa.

"Kisomo cha kumwapiza mwizi. Tumbo linafura, linafura, mpaka pwaa! Wee, mbona unajishika tumbo?"

Nilijipa moyo: mie nimebatizwa, kisomo chao kitanijulia wapi? Lakini Alhamisi tumbo lilikuwa kama ngoma. Leo najua, kikapu kizima cha halua kingefanya nini kingine? Siku ile niliona nimeanza kufura hata kabla ya kusomewa.

Ijumaa mchana Baba aliporudi kula, nilimwangukia miguuni. "Baba, halua nimekula mie. Leo napasuka."

Baba aliinuka. Fimbo ilikuwa pale mlangoni, akaipita. Akavaa koti lake la Jumapili, akanishika mkono.

Kwa Mzee Nasoro wasomaji walikuwa wameshakaa mkekani. Baba akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Halua yako ameila binti yangu. Naomba msamaha. Na kisomo hicho, kama lazima kimpate mtu, nisomeeni mimi. Huyu ni wangu."

Mzee Nasoro akalitazama tumbo langu, akaanza kucheka mpaka machozi.

"Mwalimu, nikusomee wewe? Kwa halua? Astaghafirullahi! Jamani, funikeni vitabu. Na wewe binti, umeshiba?"

"Nimeshiba, babu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila harusini utakula pilau tu!"

Njiani nilimwuliza Baba kama atanichapa nyumbani.

"Umekuja kwangu mwenyewe," alisema. "Nikuchapie nini?"

Tangu hapo nimesali katika makanisa mengi, nimesikia wahubiri wakinguruma juu ya upendo wa Mungu Baba, na wengine, nisamehewe tena, wamenilaza usingizi. Somo langu nilishalipata barazani.

Lakini jambo moja nililikumbuka siku tuliyomzika Baba. Kiganja chake, Ijumaa ile, kilikuwa kimelowa jasho. Kumbe mwalimu wangu, na koti lake la kanisani, naye alikuwa anaiogopa halbadiri. Alikwenda hivyo hivyo.

Kila nikisali Baba Yetu, ule mkono wenye jasho ndio ninaoushika.