Kamera Iliyovuta Mbali

Baba alipokubali kumfungulia ndugu yangu laana, nilijua sina siku nyingi za kutafuta kamera. Mzee alikuwa amelala kwake Matulo, miguu imevimba, na hospitali ilikuwa imemrudisha nyumbani bila dawa mpya. Sote tulielewa maana yake.

Ndugu yangu mdogo alikuwa ng'ambo. Kabla ya kwenda huko aligombana na baba juu ya kipande cha shamba, akamsukuma, mzee akaanguka mbele ya wake zetu. Baba aliinuka, akajipangusa vumbi, akasema, "Jina lako halitatoka tena mdomoni mwangu." Na halikutoka. Akilazimika kumtaja alisema "yule". Huko ng'ambo ndoa ya ndugu yangu ilivunjika, kazi zikawa zinamponyoka, na kila baya lililompata alilihesabu kuwa limetoka siku ile. Kurudi hakuweza, maana karatasi zake hazikuwa sawa. Alinipigia simu akalia kama mtoto. "Kaka, mchukue video akisema. Nataka nimsikie mwenyewe."

Mimi nilikuwa nalima upande wa Endebess, kwa hiyo nilitafuta kamera Kitale. Pesa zangu za mahindi zilitosha kamera ya bei ya chini na kifaa kimoja tu cha ziada. Mama mwenye duka aliniwekea mbili juu ya kaunta, zote za kutumia kaseti ndogo.

"Hii, mzee, inavuta kitu cha mbali mpaka unaona siafu huko mlimani," alisema. "Hii ingine haivuti sana, lakini ina tundu la kuchomeka maikrofoni."

"Maikrofoni ya nini? Mimi si mhubiri, bana."

Alicheka. "Kwani unaenda kushika nini?"

"Mzee wangu akiongea. Lakini nitasimama mbali."

"Mbali namna gani?"

Nilimwonyesha muuza viatu aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Mama akaisukuma kwangu ile ya kuvuta. "Basi chukua hii." Kisha akauliza kama nitachukua na stendi, mkono usitetemeke. Nikachagua betri ya pili, kwa sababu Matulo hakukuwa na umeme na niliogopa kamera izime baba akiwa katikati ya neno.

Nilijua kwa nini nitasimama mbali. Kwetu, aliyetamka neno baya hulifungua kwa mdomo ule ule. Hujaza maji mdomoni, huyapuliza juu ya nguo ya aliyelaaniwa, kisha husema. Maji yale yakimgusa ndugu mwingine wa kiume, inasemwa amejigawia baraka isiyo yake. Anayeshika nguo ni binti aliyeolewa, kwa kuwa hana fungu analogombania katika boma.

Nyumbani niliijaribu kamera kwa ng'ombe aliyekuwa akila nyasi ng'ambo ya ua. Nilimvuta mpaka nikaona kupe sikioni mwake. Nilifurahi sana. Sauti sikuijaribu hata kidogo. Niliona kamera ni jicho, basi.

Asubuhi ya siku yenyewe baba aliletwa nje akakalishwa kwenye kiti. Dada yetu mkubwa alipiga magoti mbele yake, ameshika shati la zamani la ndugu yangu. Mimi nilisimama karibu na lango.

"Mbona umesimama huko kama mpima ardhi?" baba aliita, na sauti ilikuwa bado na nguvu kidogo.

"Maji, baba."

"Haya. Kaa na mashine yako."

Dada akanigeukia. "Nyamaza sasa. Anaanza."

Baba alijaza maji mdomoni. Nilivuta uso wake ukajaa kioo kidogo cha kamera, na hapo hapo mikono yangu ikaanza kutetemeka. Uso ukaruka kushoto, ukaruka kulia. Nilishika pumzi. Nilikuwa nikimtafuta baba kwenye kioo, nikimpoteza, nikimtafuta tena, na akili yangu yote ilikuwa kwenye kidole kilichobonyeza kitufe. Maji yalitoka. Midomo ikasogea. Kisha dada akainuka analia, na ikawa imekwisha.

Niliipeleka kaseti Bungoma kwa kijana wa kuhamisha picha kwenye CD. Tuliketi mbele ya televisheni yake. Tulisikia upepo kwenye migomba, kuku, mlio mwembamba wa kamera yenyewe ikivuta, na pumzi yangu nilipoiachia. Baba hakusikika. Midomo yake nayo ilicheza na mtetemeko wangu, huwezi kusoma neno.

"Mzee, ulikuwa mbali," kijana alisema.

Nilirudi Matulo mbio, nikimwazia baba, nikipanga nitakavyomwomba aseme tena, hata bila maji, kamera ikiwa kifuani pake. Nilikuta watu wamejaa uani na moto wa matanga umewashwa.

CD niliituma hivyo hivyo. Ndugu yangu alipoipata alipiga simu.

"Kaka, sisikii kitu. Alisema nini?"

Nilimwambia baba alimfungulia, alisema aende na arudi, azae, shamba limkubali. Ni maneno yanayosemwa kwetu siku zote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na jina langu? Alilitaja?"

Nilikuwa pale, na sikujua. Macho yangu yalikuwa kwenye kioo, masikio sikuyapa kazi.

"Alilitaja," nikasema.

Alikata simu bila kuaga. Baada ya muda alioa tena, akapata mtoto wa kiume, akampa jina la baba. Kila akipiga simu humweka mtoto anisalimie, nami humwitikia kwa jina hilo.

Dada yetu yuko hai, yuko na akili zake timamu. Alikuwa amepiga magoti hatua moja kutoka mdomoni mwa baba. Hukutana naye kila Krismasi, tunakula pamoja, tunacheka. Sijawahi kumuuliza.