Siku Niliyomkana Ng'ombe Wetu

Subira sikujaliwa, na kutembea na watoto wadogo mwendo mrefu kulinitia hasira. Hata hivyo, siku ya maonyesho ya mifugo pale Singida mjini, enzi za Mwingereza, nilitoka Mwankoko alfajiri na wanangu wawili. Wa kiume, miaka sita, alitangulia. Binti wa miaka minne nilimbeba mgongoni kila alipochoka, na alichoka mapema.

Uwanjani yule wa kiume aliganda mbele ya nguruwe wa misheni, akakataa katakata kuondoka. Sikumlaumu. Hata mimi sikuwahi kuona mnyama mvivu kiasi kile akilishwa vizuri kiasi kile. Ilibidi nimvute mpaka upande wa ng'ombe, na hapo binti akanishika nguo.

"Mama, ng'ombe wetu!"

Kweli alikuwa yeye, mwekundu, mwenye baka jeupe usoni. Mwaka uliotangulia mume wangu alimpeleka kwa rafiki yake wa Mungaa amtunze. Ndivyo tulivyofanya sisi Wanyaturu: hatukuweka ng'ombe wote katika zizi moja, ugonjwa usije ukatumaliza kwa mara moja. Anayetunza hunywa maziwa, hupata samadi, na mbele za watu ng'ombe ni wake. Mwenye mali hatamki neno. Akitamka, amemvua mwenzake nguo hadharani, na urafiki umeishia hapo. Mtoto wa miaka minne angeyajulia wapi hayo? Alichojua ni kwamba ng'ombe wake aliondoka, naye alilia siku tatu.

Rafiki huyo wa mume wangu, ambaye nilimwita shemeji, alikuwa ameshika kamba, kavaa shati safi. Bwana mifugo alikuwa anakaribia na Mzungu mmoja aliyebeba tepe za washindi.

"Wetu!" binti akarudia, safari hii kwa sauti ya kuita mbuzi. Ng'ombe akasimamisha masikio, akavuta kamba, akaja kumlamba kichwa.

Bwana mifugo akacheka. "Mama, kwani huyu ng'ombe ni wa nani?"

Shemeji alinitazama. Uso ulikuwa umemsawajika. Nikamfinya binti begani, nikajibu, "Ni wa huyo baba. Mtoto amemfananisha."

Nilisema bila kubabaika, na moyoni nilijisifu. Shemeji akapewa utepe mwekundu. Alipopita karibu nami alisema kwa sauti ya chini, "Ahsante, shemeji," akapitiliza. Binti hakulia. Nikadhani labda ameelewa.

Njia nzima ya kurudi kaka yake alisimulia nguruwe mpaka akaishiwa maneno. Binti alikuwa kimya mgongoni, nikajua kalala. Karibu na nyumbani akainua kichwa.

"Mama, mtu akikuuliza mimi ni wa nani, utasemaje?"

Niliumia, sifichi. Nikamshusha chini, nikachuchumaa mbele yake. "Nitasema wewe ni wangu."

"Hata yule baba akikutazama?"

"Hata akinitazama."

Nikamgeuzia mgongo apande, lakini hakupanda. Alimshika kaka yake mkono, akatembea mwenyewe mpaka nyumbani.