Kanga Isiyo na Kibali

Mimi ni mgambo wa soko hapa Kilindoni, na tangu juzi sina uso wa kupita sokoni. Bosi aliniagiza niondoe mabango yote yasiyo na kibali, mgeni mkubwa anakuja. Bi Mwanaidi, muuza vitumbua, alikuwa ametundika kanga kukinga jua, imeandikwa "Maneno matamu hayashibishi." Nikamwamkia shikamoo, kisha nikaing'oa.

"Mwanangu, hicho kivuli changu!"

"Hili bango, mama. Kibali kiko wapi?"

Mgeni akashuka garini na mkewe, mke kajitanda kanga kama ileile. Bosi wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisifu. Bi Mwanaidi akapaza sauti kutoka juani:

"Mwanangu, na huyo mvue!"