Pampu Niliyosema Naizungusha

Siku ile naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: harufu ya mota inayoungua, na mimi nimesimama kando yake, kidole kwenye swichi. Sasa wewe umekuja kuniambia umepata kazi kule Bofa, hoteli inafunguliwa baada ya masika, na wewe ndiye utakayeiwasha pampu ya bwawa la kuogelea. Nimefurahi, wallahi. Lakini kaa kwanza, hiyo simu iweke chini, nikueleze.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimetoka kwetu Mambrui kufanya kazi Malindi, kwenye nyumba kubwa ya makuti karibu na ufuo, mali ya bibi mmoja wa Kizungu. Kila masika yalipokaribia, bibi huyo alifunga nyumba akaenda kwao miezi mitatu. Aliyelitunza bwawa na pampu yake alikuwa Mzee Karisa, mtu wa Jilore, mpole, mwenye sauti ya chini. Hata ungemkanyaga asingekupigia kelele. Na huyo mzee alikuwa na jambo lake moja tu duniani: mvua zikianza, lazima awe shambani kwake apande mahindi. Watoto wake sita walikula mwaka mzima kutoka shamba lile.

Mwaka huo bibi alikataa kumpa ruhusa. "Nani ataangalia pampu?" Mzee Karisa akanionyesha mimi. "Huyu binti. Nimemfundisha mwenyewe, namdhamini." Bibi akanitazama toka juu hadi chini, akasema haya, lakini akirudi akute pampu mbovu, Karisa asimwombe tena ruhusa ya kwenda shamba. Aliyasema hayo mbele yetu sote wawili, kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hata inachekesha. Mota ikilala muda mrefu huku kwetu pwani, hewa ya chumvi huingia ndani, vyuma vikashikana. Basi kila Ijumaa nilitakiwa niingie kibanda cha pampu, nifungue kifuniko cha nyuma ya mota, nishike ile feni ndogo, niizungushe kwa mkono mara kumi. Kisha nifunge, niende zangu.

Mwanangu, hujui nyumba iliyofungwa masika ilivyo. Mvua ikipiga makuti haina kelele kama ya bati, inanong'ona tu. Viti vyote vimefunikwa shuka nyeupe. Bwawa limegeuka kijani na vyura wameshalimiliki, wanaimba mmoja baada ya mwingine. Nililala barazani mchana kutwa, nikizinduka sijui kama ni asubuhi au alasiri. Niliota natembea chini ya yale maji ya kijani na nguo zangu hazilowi. Niliota nyumba ni yangu, na kila chumba nikifungua kinanijua jina. Siku zilipita kama mtu apitaye nje ya pazia, unamsikia lakini hugeuki kumtazama. Nilikuwa na raha, nisikudanganye.

Ijumaa ya kwanza niliizungusha. Ya pili pia. Ya tatu nilikuwa nimetoka kwenye harusi ya binamu yangu Mambrui, mikono imepambwa hina na piko mpaka juu ya kifundo, maua mazuri ajabu. Nikaitazama ile grisi, nikaitazama mikono yangu, nikasema: aa, wiki ijayo. Tena nikatafuta nailoni, nikaifunika mota mara tatu, nikaifunga kamba vizuri, nikajiona nimeitunza kuliko hata Mzee Karisa. Kumbe nimeufungia unyevu ndani. Wiki iliyofuata hina ilikuwa bado inang'aa. Baadaye hina ikafifia, na mimi nikawa nimeshazoea kutokwenda.

Kila Jumanne alikuja mama mmoja muuza mchicha kutoka Jilore na salamu za mzee. "Karisa anauliza, unaizungusha?" Nami namjibu, "Mwambie naizungusha." Jepesi hivyo hivyo, huku nachagua mchicha. Na mzee huko kwake akapata habari zangu, akashika jembe lake, akapanda.

Siku mbili kabla ya bibi kurudi, Mzee Karisa alikuwa afike asubuhi tuiwashe pampu pamoja. Nikamtangulia. Nikaondoa nailoni, nikasafisha kikapu cha kunasa majani, nikamtoa chura aliyehamia humo, nikajaza maji mpaka juu ili pampu isivute hewa, nikafunga, nikafungua mabomba, nikawasha. Ikanguruma tu, haikuzunguka. Nikazima, nikawasha tena. Ikanguruma. Mara ya tatu ndipo ilipotoka ile harufu, na mkono ukapita juu ya bega langu ukazima swichi kubwa ya ukutani.

"Shikamoo, Mzee Karisa."

"Marahaba, mwanangu." Chini ameshatua kikapu cha mahindi mabichi aliyoniletea. Akaweka kiganja juu ya mota, akakiondoa upesi. "Uliizungusha?"

"Niliizungusha."

Hapo ndipo ilipo aibu yangu. Si hina, si usingizi. Mzee aliniamini, na kwa kuwa aliniamini akaenda kutafuta ubovu mahali ambapo haukuwepo. Akafungua nyaya moja moja, akazifunga. Akang'oa bomba, akalipuliza, akalikuta safi. Akalala kifudifudi kwenye saruji iliyoloa akichungulia, mgongo unamuuma, naye anajilaumu mwenyewe: "Labda mimi nilifunga vibaya siku ile naondoka." Na mimi nampa spana! Nikaenda kuswali adhuhuri, nikarudi, nikaendelea kumpa spana. Hebu fikiria.

Alasiri nikamsikia akisema peke yake, "Mama watoto nitamwambia nini?" Nikashindwa. "Mzee, sikuizungusha. Tangu Ijumaa ya tatu."

Akakaa juu ya ndoo. Mvua ilikuja ikapita. Kisha akasema, "Pampu kushikana hakuniudhi, ni chuma tu. Lakini kutwa nzima nimetafuta, nawe unanitazama, na unajua."

Alifungua kifuniko cha nyuma, akatia mafuta, akaishika feni akaitikisa mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka ikalegea. Kufikia magharibi ilikuwa inazunguka, maji yanakwenda, lakini ndani inasaga kama mtu anayetafuna mchanga.

Bibi aliusikia mlio ule kabla hata hajaweka mkoba chini. Akauliza nani. Mzee Karisa alifumbua kinywa kusema ni yeye, nikamwahi. Nilimwambia bibi yote, mpaka habari ya hina. Nilidhani ukweli ungemwokoa mzee. Haukumwokoa, ulikuwa umechelewa. Bibi alisema neno lake ni lile lile, na mimi hata hakunifukuza, jambo lililoniuma zaidi.

Masika yaliyofuata, mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi. Mzee Karisa alisimama mlangoni mwa kibanda, mikono nyuma, akitazama upande wa Jilore mpaka mvua ikakatika. Kisha akaingia, akafungua kifuniko, akaizungusha pampu mara kumi. Hakunilaumu. Mimi nilikwenda jikoni nikalia.

Basi, mwanangu, ukifika Bofa izungushe kwanza kwa mkono. Ijaze maji kabla ya kuiwasha. Ikinguruma bila kuzunguka, zima papo hapo, usijaribu mara ya pili. Hayo fundi yeyote atakufundisha. Mimi usia wangu ni huu: ukiulizwa jambo ambalo hukulifanya, sema "sikufanya", saa ile ile, kabla mtu hajapiga magoti kulitafuta kosa lako kwenye kazi yake. Utagombezwa, na ugomvi utakwisha. Na aliyekudhamini, kumbuka ana lake analolitumaini, ameliweka mikononi mwako bila hata kukutajia.

Haya, simama nikuombee. Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali, akulinde na umeme na maji, na asikujaalie hata siku moja kumwona mtu mwema akilipia uongo wako. Amina. Nenda, mwanangu, nimekuridhia.